Hukugundua Longonot, Ulipanda Tu

Mwaka jana mwezi wa nane nilisimama juu ya Longonot, pale kwa ukingo wa kreta, jasho limekauka likawa chumvi kwa uso na vumbi limeingia hadi kwa meno. Nikatoa simu, nikajipanga, nikaanza: "Wasee wangu, leo nimegundua mahali hata Wakenya wenyewe hawajui."

Kando yangu kulikuwa na msee wa rika langu, Mmasai, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni. Alikuwa ameleta kikundi kingine. Akangoja kwa heshima nimalize kurekodi, kisha akaniuliza polepole, bila matusi: "Brathe, umegundua aje mahali umenikuta?"

Nilicheka. Yeye pia akacheka. Tukashuka pamoja tukipiga stori za mpira. Lakini hilo swali lilishuka na mimi mpaka Naivasha, likapanda matatu na mimi mpaka Nairobi, na bado liko hapa kwa kichwa.

Sasa, hii si posti ya kuwaambia msiende. Endeni. Ile safari ya Nairobi hadi Ziwa Naivasha ni kati ya njia tamu zaidi tulizonazo, na mlima unaupanda na kuushuka siku moja ukarudi nyumbani jioni. Ninachotaka ni tuiendeshe tena, mimi na nyinyi, mwendo wa pole, na kila tukifika mahali pa kupiga picha tuulize maswali mawili: nani alikuwa hapa kabla yangu? Na nani alilipa ndio mimi nipite?

Mteremko

Ukitoka Nairobi ukifika Rironi, una njia mbili. Ya juu inaendelea na nyanda za juu hadi Kinungi. Ya chini inakata kushoto na kuanza kuteremka kwenda Mai Mahiu. Watu wa kontenti tunapenda hiyo ya chini, na sababu unaijua: unapiga kona moja, miti inafunguka, na Bonde la Ufa lote linakuwa mbele yako kama mtu amevuta pazia. Longonot upande mmoja, Suswa upande mwingine. Vibanda vinauza ngozi za kondoo na kofia za manyoya, nyani wamekaa kwa ukuta wakingojea ndizi yako, na malori yanashuka na gia nzito yakinuka breki.

Hii barabara ilijengwa na wafungwa.

Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, yakiwa na askari wengi Waafrika, yaliwashinda Wataliano Ethiopia na Somalia. Maelfu ya Wataliano waliotekwa waliletwa Kenya kama wafungwa wa vita, na baadhi yao wakapewa kazi ya kuchonga huu mteremko. Fikiria jua la hapo chini, mawe, sururu na bunduki nyuma yako. Mwaka 1942, katikati ya hiyo kazi, walijenga kanisa dogo kando ya barabara. Bado liko. Ni dogo kiasi kwamba ukiendesha kwa kasi unaweza kulipita ukidhani ni kibanda cha mtu.

Mimi nimepita hapo labda mara kumi na tano kabla sijawahi kusimama. Siku niliposimama, niliingia nikakaa kwa benchi dakika chache. Nje malori yalikuwa yananguruma. Nikafikiria hawa watu walikuwa umri wangu, mbali na nyumbani, hawajui kama watarudi, na kitu walichoamua kujenga kwa nguvu iliyobaki ni mahali pa kuomba. Sisemi walikuwa malaika. Jeshi lao lilikuwa limeivamia Ethiopia na kuua watu wengi. Lakini kila mara unapiga ile video ya kona kwa kona, ujue unapita juu ya mikono ya watu.

Mai Mahiu

Jina ni la Kikuyu: maji moto. Mji wenyewe ni wa madereva wa masafa marefu, chai, nyama choma na stesheni za mafuta. Wengi wetu tunasimama kununua maji na kuendelea.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, watu wa Kamuchiri, hapo karibu na mji, walikuwa wamelala. Maji yakaja na mawe, magogo na matope, yakabeba nyumba na watu ndani. Waliokufa walikuwa zaidi ya 40. Mwanzoni tuliambiwa ni bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu njia ya maji inayopita chini ya tuta ilikuwa imeziba. Lilipoachilia, liliachilia yote mara moja.

Hapo ndipo nilianza kuangalia hiyo reli kwa jicho lingine. Ilijengwa kuanzia Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla kazi kuisha. Huu ukuta wa Bonde la Ufa uliwasumbua wahandisi vibaya sana. Kwa muda, kabla njia ya kudumu kukamilika, mabehewa yalikuwa yanateremshwa kwa kamba za chuma kama ndoo inavyoshushwa kisimani.

Shuleni reli tuliifundishwa kama jambo la zamani: tarehe, jina, jibu la mtihani. Lakini tuta lililowekwa na mkoloni bado linaamua maji yataenda wapi, na kama hakuna mtu wa kuzibua mfereji chini yake, historia inaingia kwa nyumba yako saa tisa usiku. Kwa hivyo ukiniambia historia imepita, nitakuuliza umewahi kushuka gari Mai Mahiu.

Longonot

Kutoka Mai Mahiu unafuata barabara ya Naivasha na mlima unaanza kukua upande wa kushoto. Urefu wake ni mita 2,776. Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu, na kuuzunguka ukingo wote ni kama saba zaidi. Zinaonekana chache mpaka uzitembee. Njia ni majivu ya volkano, mvua imeichimba mitaro ya kufika kiunoni, na kuna sehemu unapanda hatua mbili unateleza moja. Ukifika juu, ndani ya kreta kuna msitu mzima, umekaa huko chini kama supu ndani ya sufuria, na mvuke unatoka kwa kuta. Kisha unaona ziwa. Hapo ndipo kila mtu anatoa simu.

Jina linatokana na Kimaasai, oloonong'ot, mlima wenye migongo mingi na miinuko mikali. Ukiutazama ukiwa mbali utaelewa bila kuambiwa. Wataalamu wanakadiria kwamba mara ya mwisho ulitoa moto ilikuwa miaka ya 1860. Yaani watu waliokuwa wakichunga ng'ombe hapa chini waliishi na huu mlima ukiwa hai.

Miaka kama ishirini baadaye, mwaka 1883, akaja Joseph Thomson. Mskoti, miaka 25, ametumwa na Chama cha Kijiografia cha Uingereza kutafuta njia ya kupita nchi ya Wamasai hadi Ziwa Victoria. Alipanda Longonot, akachungulia ndani ya kreta, na akaandika kwamba alishikwa na hamu ya ajabu ya kujirusha huko ndani. Mwaka 1885 alitoa kitabu kuhusu safari hiyo, na Uingereza ilikipenda.

Nikisoma habari zake, wasee, nilijiona. Jamaa wa miaka ishirini na kitu, anasafiri, anarudi na stori, stori inapata watazamaji. Hata mbinu ni zile zile. Ili Wamasai waamini ana nguvu za uganga, alikuwa anatoa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha, na anachanganya Eno kwa maji ndio yachemke bila moto. Ndiyo, Eno, hii hii unayonunua dukani ukishiba kupita kiasi. Huyo jamaa angekuwa na akaunti leo angetushinda wote.

Lakini angalia nani hayuko kwa kapsheni. Thomson hakusafiri peke yake. Alikuwa na zaidi ya watu mia moja kutoka Unguja na pwani, waliobeba nguo, shanga na waya vichwani mwao. Sehemu kubwa ya safari aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara Mswahili wa pembe za ndovu kutoka Pangani, ambaye njia za Umasaini zilikuwa kazi yake ya kila siku. Na huko nyuma, mwaka 1870, mmishonari Thomas Wakefield aliyekuwa Ribe, karibu na Mombasa, alikuwa tayari amechapisha London maelezo ya njia za misafara ya kwenda bara. Aliyapata wapi? Kwa Mswahili anayeitwa Sadi, ambaye alikuwa amezitembea kwa miguu yake na kuzihifadhi kwa kichwa, kambi kwa kambi, maji kwa maji.

Kwa hivyo "mgunduzi" alikuwa ameongozwa na watu waliokuwa wanajua njia, kwenda kwa watu waliokuwa wanaishi hapo. Kile alichofanya ni kuandika. Kuandika ni kazi ya maana, mimi mwenyewe naishi kwa hiyo, lakini jina lake si kugundua.

Tusipambe pia. Misafara ya pwani haikuwa ya watakatifu. Ilibeba pembe, na mingine ilibeba watumwa. Na haikupita kwa amani siku zote. Mwaka 1895, hapo Kedong, lile bonde unaloliona kati ya Longonot na ukuta wa mteremko, watu wa msafara mmoja waliwachokoza Wamasai, vita vikazuka, na mamia ya wapagazi Wakikuyu na Waswahili wakauawa. Ukisimama pale kwa vibanda vya ngozi za kondoo, Kedong iko chini ya miguu yako. Ni kijani, kumetulia, kunapendeza. Nimepiga picha yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ziwa

Naivasha ni jinsi wazungu walivyosikia Nai'posha, neno la Kimaasai linalotaja maji yanayochafuka na kupiga mawimbi. Nenda hapo saa tisa mchana upepo ukianza utaona jina halikuwa mzaha. Kuanzia 1937 ndege kubwa za abiria zilizokuwa zikitua juu ya maji zilishuka hapa, na wageni wakachukuliwa kwa gari hadi Nairobi. Yaani barabara yetu ya kupendeza iliwahi kuwa ndio njia ya kutoka uwanja wa ndege.

Lakini tarehe kubwa ya Naivasha ni nyingine, na mimi sikuijua mpaka juzi. Agosti 1904, hapa hapa, Waingereza walitia saini mkataba na Lenana na viongozi wengine wa Wamasai. Miaka ya 1890 ng'ombe wa Wamasai walikuwa wameangamizwa na sotoka, watu wakauawa na ndui, na wao kwa wao walikuwa wamepigana. Walikuja mezani wakiwa dhaifu. Mkataba uliwataka watoke Bonde la Ufa waende sehemu mbili, Laikipia na kusini, ndio ardhi ya hapa katikati, karibu na reli, ipewe walowezi. Wakaahidiwa kwamba makubaliano yatadumu mradi tu kuna Wamasai duniani.

Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 wale wa Laikipia waliambiwa nao wahame kusini. Wakaenda kortini, kesi ya Ole Njogo, mwaka 1913. Korti ikasema haina mamlaka ya kuisikiliza, kwa sababu mkataba ulikuwa kati ya Taji la Uingereza na Wamasai kama taifa la kigeni. Soma tena hiyo. Walikuwa taifa la kutosha kutia saini ya kutoa ardhi, lakini hawakuwa na pa kushtakia iliponyang'anywa.

Kutoka Thomson kusimama juu ya Longonot hadi Wamasai kuambiwa waondoke chini yake ni miaka 21. Mimi nina umri kama huo.

Leo ukizunguka ziwa utapita hoteli, mashamba ya maua na mageti. Ukitaka kugusa maji bila kupitia geti la mtu, kuna fuo chache za umma kama Karagita na Kamere, ambako wavuvi wanaleta samaki na akina mama wanakaanga. Keti hapo. Kula. Ndio sehemu ya ziwa ambayo haijazungushiwa ua.

Hell's Gate

Upande wa kusini wa ziwa unakodisha baiskeli unaingia Hell's Gate, mbuga iliyotangazwa mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya Longonot. Ule mwamba uliosimama pekee yake unaitwa Fischer's Tower. Gustav Fischer alikuwa Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883, kabla kidogo ya Thomson, Wamasai wakamzuia, akageuza. Yaani jamaa alirudishwa, na bado mwamba ukaitwa jina lake. Wamasai wana hadithi yao ya huo mwamba: ni msichana aliyekuwa anaenda kuolewa, akageuka nyuma kutazama nyumbani kwao, akawa jiwe.

Korongo lenyewe ni Ol Njorowa. Nenda na mtu wa kukuongoza, na akikwambia tutoke, toka. Mvua ikinyesha mbali huko juu, hapa chini unaona jua na maji yanakuja. Mwaka 2012 na tena 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu waliokuwa ndani ya hilo korongo. Yule kiongozi unayemwona kama gharama ya ziada ndiye anayejua wingu la wapi ni la kuogopwa.

Mbele yako kuna mabomba na mvuke: Olkaria. Uchimbaji ulianza 1956, na umeme ukaanza kutoka 1981. Simu unayosomea hii posti inawezekana imechajiwa na huo mvuke. Ni kitu cha kujivunia, nami najivunia. Lakini mwaka 2014, ili kupanua Olkaria, familia za Wamasai kutoka vijiji vinne zilihamishiwa mahali pengine. Zikajengewa nyumba, lakini wengine walilalamika kuhusu ardhi, barabara na hati, malalamiko yakafika hadi Benki ya Dunia, na ikabidi wasuluhishwe. Si sawa na 1904, na sitaki kudanganya kwamba ni sawa. Kulikuwa na mazungumzo, na kulikuwa na mahali pa kulalamikia. Lakini ukiwa bibi wa miaka themanini ambaye babu yako alihamishwa na mzungu na wewe umehamishwa na umeme, utaelezwaje tofauti?

Ni kapsheni tu?

Najua mtu atasema: buda, ni kapsheni tu, wacha kukaza. Nimefikiria hilo sana, kwa sababu kapsheni ndio unga wangu.

Kitabu cha Thomson pia kilikuwa stori tu. Sisemi kitabu kimoja kilileta ukoloni, reli na mkataba. Lakini miaka kumi baada ya kutoka kwake Uingereza ilitangaza hii nchi kuwa yake, na mahali pakishaelezwa kama hakuna mwenyewe, ni rahisi zaidi mtu kuja na karatasi na kalamu. Neno "nimegundua" linafuta watu. Linafuta Sadi, linafuta wapagazi, linafuta wafungwa wa kanisa dogo, linafuta Kamuchiri. Linafuta msee aliyesimama kando yangu akingoja nimalize.

Juzi kampuni moja ya safari iliniandikia. Inataka video ya Naivasha, malipo mazuri, na maneno ya kwanza tayari yameandikwa: siri ambayo hakuna mtu anajua. Nikawaambia nitafanya, lakini nianze na jina la mlima na maana yake, na anayetuongoza aonekane na aongee. Bado hawajajibu. Kodi nayo inafika tarehe tano, kwa hivyo msidhani nimeandika hii nikiwa na raha.

Ile video ya mwaka jana ndiyo imetazamwa zaidi kwa akaunti yangu. Sijaifuta. Nimebadilisha tu kapsheni. Sasa inasema: "Longonot, oloonong'ot, mita 2,776. Nimefika. Nilikuta watu."